Mwalimu Aliyesubiri Kuamkiwa

Wapendwa, kabla sijaingia kwenye neno la leo, kaeni vizuri niwape habari ya mwalimu mmoja. Na kama mtu wa aina yake ameketi karibu nawe, tafadhali usimgeukie. Tazama mbele tu.

Mwalimu huyu alikuwa mkuu wa shule kwa miaka ishirini na nane, kule Tukuyu. Mnaoijua Tukuyu mnaijua mvua yake: inanyesha, inapumzika kidogo ili ikusanye nguvu, inanyesha tena. Akastaafu. Mke wake akalala katika Bwana. Akabaki na nyumba kubwa, sweta mbili, na magoti yaliyotangaza hali ya hewa kabla ya redio. Mwezi wa sita ulipoingia na baridi yake, ngazi tatu tu za baraza alizishuka huku ameshika ukuta.

Binti yake, aliyeolewa Dodoma, akampigia simu. "Baba, huku kwetu jua lipo mwaka mzima. Njoo ukae nasi."

"Nije nifanye nini? Nikae kwenye kochi niangalie katuni na wajukuu mpaka nife?"

Binti alimjua baba yake, kwa hiyo hakubishana. Akaulizia mjini, akaambiwa kwamba yapo makazi ya wastaafu. Hayakuwa mahali pa wagonjwa. Yalikuwa ya wazee ambao bado wana nguvu zao, kila mmoja na nyumba yake ndogo, na kwa pamoja wana bustani, mazoezi, kwaya na meza moja ya chakula cha mchana. Akapata mawili yenye nafasi, akamwambia aje achague mwenyewe.

Sasa, mtu aliyekuwa mkuu wa shule haendi kutembelea mahali. Anakwenda kukagua. Mwalimu alipanda basi na daftari na kalamu nyekundu, na njiani alikuwa ameshachora jedwali lake. Usafi, alama kumi. Chakula, ishirini. Mazoezi, thelathini. Heshima, arobaini.

Binti akalisoma. "Baba, heshima utaipimaje?"

"Nitasimama tu. Nitaona inawachukua muda gani kuniamkia."

Mnacheka. Chekeni, lakini mwelewe pia. Kwa miaka ishirini na nane aliingia getini asubuhi, na watoto mia sita wakamwamkia. Sokoni, shikamoo mwalimu. Stendi, shikamoo mwalimu. Akija kanisani, hata mchungaji aliyefundishwa naye darasa la nne alishuka madhabahuni kumwamkia. Kazi yake ilikuwa kusema marahaba na kuendelea na safari. Na mke alipoondoka, zile salamu ndizo zilizobaki kumwambia kwamba bado yupo. Alikuwa na hofu moja ambayo hakumwambia hata binti yake: kwamba akihamia mji usiomjua atakuwa mzee yeyote tu, kofia na fimbo, anayepita. Ndiyo maana heshima aliipa arobaini.

Wakaenda makazi ya kwanza. Ee, huko walijua kupokea mtu. Wahudumu wanane, sare nyeupe, wamejipanga mlangoni. "Shikamoo, mzee. Karibu, mzee. Pole na safari, mzee." Mwalimu akatoa kalamu palepale akaandika arobaini kwa arobaini. Sakafu inang'aa, kumi. Wali na kuku, kumi na nne. Lakini wazee wenyewe walikuwa wamekaa kwenye viti mfululizo, wanatazama televisheni ambayo hakuna aliyejua inasema nini. Akauliza mazoezi ni saa ngapi. Mhudumu akamwonyesha: huwa wanainua mikono hivi, wakikumbushwa. Sita kwa thelathini. Akajumlisha. Sabini. Shule yoyote ingefurahi.

Kesho yake saa moja asubuhi wakafika makazi ya pili. Na getini tu, kabla hawajagonga, wakasikia mchakamchaka. Mnaukumbuka mchakamchaka wa shule? Wazee kumi hivi, wamevaa raba, wanakimbia mwendo wao wa taratibu kuzunguka uwanja, wanaimba, na jua la Dodoma limewakaa mabegani. Upande mwingine mzee mmoja anafundisha kwaya sauti ya nne, na anafoka kabisa mtu akikosea. Chini ya kichanja cha mizabibu bibi mmoja amepanda juu ya kigoda, ana mkasi mkononi, anapogoa matawi. Mwalimu akagundua kwamba ameshuka garini bila kushika mlango. Magoti yalikuwa kimya. Moyo wake ukamwambia, hapa. Ukasema wazi kabisa.

Lakini jedwali ni jedwali. Akatengeneza kofia yake, akasimama karibu na mizabibu, akasubiri.

Bibi akamwona. Akashusha mkasi, akamtazama, akatabasamu, akasubiri. Mwalimu naye akasubiri. Akakohoa kidogo, kumsaidia. Bibi akaendelea kutabasamu. Wakakaa hivyo, huyu anamngoja yule, mpaka bibi akatikisa kichwa akarudi kwenye matawi yake. Kundi la mchakamchaka likapita, likapunguza mwendo mbele yake, macho yote kwake, kimya. Hakuna aliyefungua mdomo. Likaendelea na wimbo wake.

Robo saa nzima, ndugu zangu. Mwalimu akaandika sifuri, akaizungushia duara. Usafi tisa, chakula kumi na nane kwa uji alioonja jikoni, mazoezi thelathini bila kupungua hata moja, heshima sifuri. Hamsini na saba.

Mwangalizi wa makazi, mama mmoja mpole, akaja na fomu. Akamweleza kwamba nyumba iliyo wazi ni moja tu, na kuna mtu mwingine anayeihitaji. "Tunaomba jibu lako kabla ya saa sita, mwalimu. Ukisema hapana, tunampa yeye."

"Mama, nashukuru. Mahali ni pazuri, siwezi kusema uongo. Lakini wazee wako hawana adabu. Nitakwenda kule nilikopokelewa."

"Wamekukosea nini?"

"Nimesimama pale kama nguzo. Watu wa umri wangu, wengine ni wadogo kwangu, wanakimbia, wanapanda vigoda. Hata mmoja hakuniamkia."

Mwangalizi akaweka mkono mdomoni. "Samahani, mwalimu. Una miaka mingapi?"

"Sitini na saba."

"Wazee hawa walihamia hapa pamoja, miaka ishirini iliyopita. Hilo jua na huo mchakamchaka ndivyo vilivyowafanya uwaone hivyo. Mdogo wao ana miaka sabini na tisa. Yule bibi wa mizabibu ametimiza tisini na mbili mwezi uliopita. Walikuwa wanakungoja wewe. Bibi ameshaniita pembeni kuniuliza kama huyu kijana ana shida ya kusema."

Kijana. Mwalimu akatazama chini, akafunga daftari. Aibu ilimshika, tena aibu ya kweli, ile ya mtoto aliyekamatwa. Akajaribu kukumbuka ni lini alimwamkia mtu kwa mara ya mwisho. Akahesabu nyuma. Wajomba walikwisha. Shangazi aliyebaki walimzika mwaka ule wa mafuriko. Mama yake ndiye aliyekuwa wa mwisho, na ilikuwa miaka kumi na tisa iliyopita. Hapo ndipo alipolielewa jambo ambalo hakuwahi kulifikiria: zile marahaba zote alizokuwa akijivunia zilikuwa na maana moja ya huzuni. Katika ukoo wake, kila aliyestahili shikamoo yake alikuwa kaburini.

Akarudi kwenye mizabibu. Hatua thelathini tu, lakini zilimchukua muda. Akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

Bibi akageuka juu ya kigoda chake, uso wote umefunguka. "Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Wapendwa, mzee yule alilia. Mkuu wa shule, mvi kichwa kizima, alikaa ukingoni mwa tuta la mizabibu akalia mbele ya binti yake na hakujificha. Miaka kumi na tisa hakuna aliyemwita mwanangu. Miaka kumi na tisa hakuna aliyetaka kujua kama amekula, isipokuwa mke wake, na mke naye alikuwa ameondoka. Alikuja Dodoma kutafuta watu wa kumheshimu, na Mungu akampa mama. Saa sita ilipofika alikuwa mezani, anakula ugali kwa mlenda, na fomu imeshasainiwa.

Haya. Mwalimu tumemcheka, sasa tuje kwetu.

Sisi tunasimamaje mbele za Mungu? Si tunasimama palepale, tunakohoa kidogo, tunangoja Mungu atuamkie kwanza? Mtoto afaulu, ndipo niseme asante. Kipimo kirudi salama, ndipo niseme asante. Na mkononi tuna kalamu nyekundu. Mwezi huu Mungu nampa sabini. Mwezi ule wa msiba nilimpa sifuri, nikaizungushia duara. Nani alikupa hilo daftari?

Tumekuwa wakubwa. Humu ndani kuna mwenyekiti, kuna mzee wa kanisa, kuna mama mlezi wa umoja wa akina mama, na kuna mimi mchungaji, ambaye naamkiwa kuliko wote. Tunaitikia kutwa nzima. Jua limekuja leo, hatukulipia. Pumzi imekuja. Miguu imetufikisha hapa, mingine kwa kuchechemea, lakini imetufikisha. Na sisi tumepita kimya mbele ya aliyevileta, tukadhani yeye ndiye aliyenyamaza.

Nawaambia wenye mvi wenzangu. Umezika baba, umezika mama, umezika wajomba na mashangazi, na ukoo mzima unakutazama wewe. Unadhani umebaki wa mwisho juu, na upweke huo wa moyo hakuna anayeujua. Hujabaki wa mwisho. Yupo mkubwa wako. Asante kwamba yupo. Asante kwamba katika umri huu, na magoti haya, bado tunaruhusiwa kuwa watoto wa mtu.

Basi kesho asubuhi, kabla hujaomba lolote, anza wewe. Vua kofia. Mshukuru kwa mdomo, sauti isikike chumbani. Kisha usikimbilie orodha yako ya shida. Nyamaza kidogo, umpe nafasi akuitikie, kwa sababu amekaa siku nyingi akitaka kukuuliza, mwanangu, umekula?