Kisima Chenye Ua Katikati

Paukwa!

Pakawa!

Huyo aliyeitikia huku akipiga miayo nimemwona. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema kwanza na kufikiri baadaye, paliishi Mhanga. Masikio ya punda, pua ya nguruwe, kucha kama majembe. Hakufanana na yeyote. Walimchagua mwenyekiti wa kisima kwa sababu moja tu: kisima kikijaa mchanga, yeye ndiye aliyekizibua. Kwaru, kwaru, kwaru.

Siku moja Punda Milia akaja amenuna.

"Mwenyekiti, wenye madoa wanatuharibia maji. Mwanangu kazaliwa na doa gotini."

"Lile ni tope," akasema Mhanga.

Twiga akadakia, "Nao wanatuletea mistari. Tazama shingo yangu."

"Huo ni mkunjo, shemeji. Shingo yako ni ndefu."

Nani amsikilize? Wakakata miti, wakaitia ndani ya kisima. Ti! Ti! Ti! Ua ukasimama katikati ya maji. Kushoto mistari, kulia madoa. Kanga akakaa juu ya ua, awe mkaguzi.

Mhanga akaja kunywa.

"Una madoa?" Kanga akauliza.

"Sina."

"Mistari?"

"Sina."

"Sasa una nini?"

"Nina kiu."

"Kiu si rangi. Rudi nyumbani."

Mwenyekiti wa kisima akaenda kulamba umande kwenye majani. Moyo ulimuuma, ulimuuma sana. Lakini kila asubuhi alirudi, akazibua mchanga kushoto, akazibua na kulia. Kwaru, kwaru, kwaru.

Kumbe nguzo ya kati ilikuwa imekaa juu ya jicho la chemchemi! Maji yakapungua, yakapungua, likabaki tope. Ndama wa Twiga akalala chini, akashindwa kuinuka.

"Ng'oeni nguzo," akasema Mhanga.

"Tukiing'oa, maji yatachanganyika," akasema Punda Milia.

"Maji yapi?"

Wakalitazama tope.

Wakaishika nguzo. Wenye mistari wakaivuta kushoto. Wenye madoa wakaivuta kulia. Wakavuta, wakavuta, nguzo ikazidi kunyooka. Mhanga akaingia topeni, akainama chini yake.

"Mimi nachimba. Vuteni juu, nyote. Mkivuta upande, itaniangukia."

Hapo wakaogopa. Akifa huyu, nani atachimba?

"Haya twende!"

"Juu!"

"Haya twende!"

"Juu!"

Pwaa! Nguzo ikachomoka, maji yakaruka, tope likawapaka wote kuanzia kwato hadi pembe.

Kanga akakohoa. "Madoa kulia, mistari..." Akatazama huku. Akatazama kule. "Wewe nani?"

"Hata mimi sijui, Bi Kanga. Nikague vizuri."

"Naweni kwanza!"

"Tunawe na kiu yote hii?"

Kanga akajitazama. Naye tope lilikuwa limemfunika, hakuonekana doa hata moja. Akashuka, akapanga foleni pamoja na wengine.

Ndama akanywa wa kwanza, akasimama. Punda Milia akageuka, akaona masikio kama yake mwishoni kabisa mwa foleni.

"Wewe ni wa upande gani?"

"Mimi ni yule asiye na upande."

Punda Milia akaona aibu. Ilikuwa haki yake kuiona. Akasogea. Twiga akasogea. Foleni nzima ikasogea.

"Pita, Mwenyekiti."

Mhanga akanywa. Gu, gu, gu. Akapumzika, akanywa tena, na hakuna aliyemharakisha.

Baadaye wakaoga humo humo, maji mamoja. Mistari ikarudi kwa wenyewe, madoa yakarudi kwa wenyewe. Punda Milia alijikagua mara mbili, hata kwapani. Hakuna kilichohama.

Basi jueni, wakubwa kwa wadogo: rangi ya ngozi haiambukizi, na anayeligawa jicho la maji hulifumba. Na kiongozi ni yule anayewachimbia hata wanaomnyima.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye kiu na aende akanywe, asiulizwe ana madoa au mistari.