Sanduku la Bi Tamima na Alama Tano

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Zabidi kule Yemeni alikuwako seremala aitwaye Suwedi bin Hamdani, mtu wa swala na saumu, asiyesema uwongo sokoni wala kuapa kwa jina la Mola wake ili kazi yake ipendwe. Kazi yake ilikuwa kutengeneza samani kuukuu. Mlango ulioliwa na mchwa, kitanda kilichovunjika matendegu, kiti alichokalia babu wa mtu kikaingia ufa, vyote vililetwa kwake, na vilipotoka mikononi mwake watu walisimama kuvitazama. Alikuwa na ila moja tu, naye hakuijua. Alipenda kusifiwa. Akimaliza kazi alikiweka kitu mlangoni pa karakana siku mbili tatu kabla ya kumwita mwenyewe, ili wapitao waseme "Mashallah", naye ainamishe kichwa kama asiyesikia.

Siku moja baada ya adhuhuri akaletewa sanduku la mti wa mkunazi, limefungwa juu ya mgongo wa punda. Nyuma ya punda alikuja ajuza kipofu, Bi Tamima, ameshikwa mkono na Lubaba, binti wa kaka yake. Bi Tamima alikuwa mjane wa Maalim Dhakwani, mwalimu wa Qur'ani aliyehama miji mingi akisomesha watoto wa watu. Sanduku lile lilikuwa la babu yake Bi Tamima; alipewa siku ya harusi yake, na kila walikohama lilihama nao.

"Mwanangu Suwedi," akasema ajuza, "mguu mmoja umeoza, na bawaba imekatika, kifuniko hakifungi. Nitengenezee hayo mawili. Mengine niachie kama yalivyo."

"Ondoa shaka, mama yangu. Utarudishiwa likiwa jipya."

"Jipya silitaki, mwanangu. Nalitaka lile lile."

Suwedi akacheka kwa adabu, wala hakuyapima maneno yale.

Akachonga mguu mwingine wa mkunazi, akauunga usijulikane ulipoungwa. Akatia bawaba ya shaba. Kazi aliyoombwa ikawa imekwisha. Lakini akalitazama sanduku, akaona kifuniko kimekuwa cheusi kwa umri, na ukingoni mwake pana mikato mitano ya kisu, imepangana mstari mmoja. Akasema moyoni, "Nikiyaacha makovu haya, watu watasema Suwedi amechoka." Akachukua randa. Yakaanguka maranda meusi, kisha ya rangi ya asali, mpaka ukingo ukawa laini na kifuniko kikang'aa kama ambacho hakijaguswa na mtu. Akakipaka nta, akaliweka sanduku mlangoni. Siku mbili watu walisifu, naye akainamisha kichwa.

Siku ya tatu alipita Lubaba. Akasimama, akainama, akapapasa ukingo wa kifuniko.

"Fundi, ziko wapi alama?"

"Alama gani?"

"Za watoto wa shangazi." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Alizaa watano, hakuna aliyefika miaka saba. Kila mmoja alifia mji wake, na kila mara walihama wakaliacha kaburi nyuma. Maalim alikuwa akikata alama hapa kila alipozika. Tangu shangazi apofuke, kila alfajiri akishaswali huzigusa moja moja, akimtaja mwenye alama na kumwombea. Yeye hana makaburi mengine ya kuzuru, Fundi. Ni haya."

Suwedi akaitupia jicho randa yake. Ulimi wake, ambao watu waliufananisha na mizani, ukasema, "Zimezibwa na nta tu; bado sijamaliza kazi. Mlete kesho." Lubaba akamwamini, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumshika Suwedi kwa uwongo.

Alipoondoka, Suwedi akachukua patasi, akakata alama tano palepale zilipokuwa. Akazisugua kwa majivu na mafuta ya ufuta, zisiwe na ukali wa kitu kipya. Mkono wake ulikuwa hodari, na siku hiyo uhodari wake ulikuwa msiba.

Kesho yake Bi Tamima akaja. Akaugusa mguu, akafungua kifuniko na kukifunga, akashukuru. Kisha mkono wake ukaenda ukingoni wenyewe, kama mtu anayeingia chumbani kwake bila taa.

"Habiba," akasema. "Yasiri. Hudhaifa. Sumaya."

Kwenye alama ya tano kidole kikasimama. Kikarudi nyuma, kikaja tena.

"Anisi wangu aliishi siku moja tu," akasema taratibu. "Baba yake alipotaka kumkatia alama, mkono ulimtetemeka, akakigusisha kisu basi. Alama yake ilikuwa nyembamba kama unywele. Lakini hii ni nene sawasawa na za nduguze."

Hapo, ndugu zangu, ndipo ulipokuwa mtihani wa Suwedi. Neno moja lilitosha. Akawatazama watu waliosimama mlangoni, waliokuwa wakimsifu jana na juzi, akalimeza.

Ajuza akangoja. Kisha akaondoa mkono wake.

"Basi ni mimi," akasema. "Subhanallah! Macho yalitangulia, na sasa vidole navyo vimemsahau mwanangu." Akamwombea Suwedi kheri ya dunia na akhera, akaenda zake analia.

Tangu siku ile Suwedi aliswali, lakini swala ilikuwa mdomoni. Akisujudu alisikia "vimemsahau mwanangu". Baada ya wiki alikutana na Lubaba kisimani, akamwuliza hali ya shangazi yake.

"Haligusi tena sanduku," akasema Lubaba. "Anasema anamwonea haya mtoto. Chakula nacho anaonja tu. Juzi aliniuliza, mama gani humsahau aliyemzaa?"

Suwedi akasema moyoni, "Kesho nitakwenda." Kesho ikafika, akasema kesho. Nyumba ya Bi Tamima ilikuwa njiani mwa msikiti, naye akaipita mara tano kila siku. Zikatimia siku arobaini.

Siku ya arobaini, watu wawili walikuwa wakigombania mpaka wa shamba pale sokoni, na mmoja akasema, "Tumwite Suwedi bin Hamdani atuamue. Yule hajasema uwongo tangu kuzaliwa." Suwedi alikuwa nyuma yao, akasikia. Akageuka, akaenda moja kwa moja mpaka nyumbani kwa Bi Tamima, akabisha hodi, akakaa chini mbele yake kama mtoto wa chuo cha Qur'ani, na akamweleza yote tangu randa mpaka patasi, bila kujitetea.

Ajuza akainua uso.

"Kwa hiyo sikumsahau?"

"Hukumsahau, mama yangu. Ni mimi niliyemfuta."

Bi Tamima akafunika uso kwa mtandio. Lubaba akamshika mabega. Alipoweza kusema, akasema, "Siku arobaini, Suwedi. Siku arobaini namwomba radhi mtoto mchanga kwa kosa nisilolitenda. Ungenambia siku ile kwamba umeteleza, ningelia, kisha ningesema ni kadari ya Mola. Alama ni mkono wa mwanadamu, na mkono wa mwanadamu hufutika. Lakini wewe uliniacha nijishuku mwenyewe. Na nilikuwa nakusikia ukipita."

"Niambie nifanye nini, mama."

"Lete randa yako. Ondoa ulizochonga wewe."

"Zote tano? Hutabaki na kitu cha kugusa."

"Zote. Heri ubao mtupu unaosema kweli."

Suwedi akaenda, akarudi na randa. Akapiga mbele yake, machozi yakidondoka juu ya mbao, na safari hii hakutazama kama kazi imependeza. Alipomaliza, Bi Tamima akapitisha kiganja ukingoni, mwanzo hadi mwisho, na hapakuwa na kitu cha kumsimamisha. Akawataja watoto wake kwa sauti, mmoja mmoja, na kwa Anisi akakawia.

"Nimekusamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu," akamwambia. "Lakini usiniombe nifurahi."

Akala vizuri siku ile, asema Lubaba, na aliwaombea wanawe kila alfajiri kwa mdomo, bila kupapasa. Lakini hakuishi sana. Alifariki kabla ya Ramadhani ya mwaka ule, na Suwedi alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake. Yeye mwenyewe alipewa umri mrefu. Wanafunzi wake wa useremala walipomwona analia katika uzee wake walimwambia, "Fundi, si ulikiri, na mwenye haki akakusamehe?" Naye aliwajibu, "Dhambi yangu nataraji imesamehewa. Lakini zile siku arobaini za Bi Tamima, nani atamrudishia?"

Enyi mnaosikia, mlango wa toba uko wazi usiku na mchana, na rehema za Mola wetu hazina mpaka. Lakini tusijidanganye kwamba kwa kuwa mlango haufungwi, basi kuchelewa hakumuumizi mtu. Sisi tunapoahirisha kweli mpaka kesho, yuko mwenzetu anayeulipia uwongo wetu leo, tena pengine anatuombea dua. Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi zinazowahi.