Kizee Aliyefungiwa na Vikombe

Nianze, nisianze? Haya, sogeeni. Na wewe Mwanajuma, toa kidole puani.

Zamani za kale, babu wa babu yangu hajaota hata jino, kila jina lilikaa na ukoo wake. Mti, mto na mlima, mkeka mmoja. Kiti, kisu na kikombe, mkeka mwingine. Na kila ukoo una ushanga wake: neno linaloandamana nao sharti liuvae. Ndiyo maana mpaka leo mti mkubwa umeanguka, kisu kikubwa kimeanguka. Mnausikia ushanga huo?

Mgawa mikeka aliitwa Makungu. Bwana wa makelele! Uso hatazami, akisikia jina tu, basi.

Siku hiyo palikuwa na harusi. Akatokea ajuza mfupi, katembea, katembea, katembea. Bwana harusi ni mjukuu wake, kamlea mwenyewe tangu mama yake afariki.

"Jina?" akauliza Makungu.

"Kizee, baba."

"Ki! Ki, ki, ki! Kizee kimefika! Kipelekwe ghalani kwa vikombe!"

"Baba, mjukuu wangu anaoa. Nimekuja kumwona."

"Tangu lini kikombe kikawa na mjukuu? Kipelekwe!"

Akavishwa ushanga wa vyombo, akafungiwa. Mimi jambo hili huniuma hata leo. Ngoma anazisikia, mjukuu hamwoni. Akalia, maskini, katikati ya vijiko.

Sasa nje ya ghala wapishi walikuwa wanatwanga pilipili manga. Vumbi likapenya, likapenya, likamwingia puani.

"Chyaaa!"

Na Makungu pale mlangoni, bila kufikiri, kama alivyofunzwa kwao, akaitikia: "Afya, mama!"

Michi ikasimama.

"Makungu," akauliza Bi Tabu, mkuu wa wapishi, "umemtakia afya nani humo? Kijiko?"

Walicheka hao! Makungu akaona haya, akafungua mlango, akamvua ajuza ushanga wa vyombo, akamvisha wa watu.

"Na jina langu, baba?"

"Baki nalo, mama, ni lako." Kisha akapaza sauti: "Kizee amefika! Aketi mbele!"

Mjukuu alipomwona akaacha harusi yake akamkimbilia, wakakumbatiana, wakalia wote wawili. Huko ghalani nako, wenzake wa "ki" waliofungiwa naye wakaona chafya ndiyo ufunguo: chya! chya! Kijana anajilazimisha chafya, kifaru anajilazimisha chafya. Kiboko yeye hakungoja, akatoka na ukuta.

Basi wajukuu zangu, msiishie kwenye jina la mtu. Mtazameni uso. Nami mkiniita kizee, niiteni tu. Lakini nikisikia "kimekuja", uji wangu hamwonji.

Kisa kimekwisha. Kizee bado yupo.