Mbwa wa Mgaya na Gunia Lake

Mgaya alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na nyumba nzima ilikula kwa ng'ombe huyo. Wizi wa mifugo ulipozidi kijijini, akatafuta mbwa, akamwita Chui, akamwitia mwalimu aitwaye Lutengano, ambaye kazi yake ilikuwa kufundisha mbwa wa ulinzi.

Lutengano alijifunga gunia mkononi, akakimbia. Chui akamfukuza, akaling'ata gunia, akaachiwa, akazunguka nalo uani mkia juu. Kila jioni hivyo hivyo. Majirani wakaja kutazama, wakapiga makofi, na Mgaya akatembea kifua mbele kana kwamba yeye ndiye aliyeng'ata.

Siku moja Lutengano akabadili somo. Hakukimbia. Alimjia mbwa polepole, fimbo mkononi, amemkazia macho. Chui akabweka huku akirudi nyuma. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, maana mbwa wa ulinzi lazima ajue kwamba akisimama na hofu yake hivyo hivyo, anayemtisha ndiye atakayerudi nyuma. Lakini Mgaya alikuja juu. Mbwa wake aonewe mbele za watu? Lutengano akaonyeshwa njia. Mgaya akaendelea na gunia mwenyewe, kwa kuwa kukimbia hakukumshinda.

Jumapili moja, wenye nyumba wakiwa kanisani, mwizi akaja. Hakukimbia. Aliingia kama shemeji. Chui akambwekea, akangoja akimbie. Mwizi akazidi kusogea. Mbwa wa watu akachanganyikiwa, akaenda kuchukua gunia lake, akaliweka miguuni pa mgeni, akatikisa mkia. Mwizi naye hakuwa mtu mbaya kiasi hicho. Alimrushia gunia mara mbili tatu, kisha akafungua zizi, akaondoka na ng'ombe.

Mgaya aliporudi alimkuta Chui mlangoni, gunia mdomoni, anasubiri makofi. Zizi lilikuwa tupu. Mzee mzima akakaa chini akalia, wala hakuona haya. Alipofuta machozi akaenda kumlaumu Lutengano.

Lutengano akamwambia, “Mbwa wako hana kosa, mzee. Umemfundisha kumshinda anayekimbia, na huyu hakukimbia.”

Mnacheka. Chekeni tu, ndugu zangu, maana nawaona humu kanisani mkimkemea shetani mpaka mabati yanatetemeka, kisha mnarudi nyumbani mkia juu. Sasa niambieni: siku atakapowajia taratibu, asikimbie, mtasimama, au mtamletea gunia mcheze naye?