Mkuki Ulioachwa Mlimani

"Mkuki ulioachwa kwa adui hurudi na mpini mpya." Mmeusikia msemo huu leo kule msibani, mkanifuata hadi jikoni mkitaka kujua ulitoka wapi. Haya, sogeeni, niwaeleze ulivyoanza.

Palikuwa na mji ukiitwa Kwemhunda. Mlimani juu yake waliishi watu wengine, na wachache kati yao walikuwa wakishuka kuchoma soko na kuua watu, bila kuchagua mtoto wala mzee. Kila waliposhuka, Jumbe wa Kwemhunda alipiga ngoma ya vita. Vijana wakapanda, wakamuua kila waliyemkuta, wakarudi wakiimba. Zikapita mvua mbili tatu, soko likaungua tena. Ngoma tena. Ikawa hivyo mara sita.

Sasa, Kwemhunda kulikuwa na mwiko: mkuki ukishaua mtu haurudishwi nyumbani, damu isije ikamfuata mwenyewe. Basi waliuacha palepale penye maiti, wakaja kuagiza mwingine kwa Mzee Shekuwe, mhunzi. Mzee alifua mikuki mpaka mabega yakamlegea. Kila mmoja aliutia alama yake, mikato mitatu shingoni. Binti yake, Namvua, ndiye aliyemvukutia moto.

Mara ya saba aliuawa mama yake Namvua, akiwa sokoni anauza vyungu. Mzee Shekuwe aliuchomoa ule mkuki mwilini mwa mkewe kwa mikono yake. Akaufuta damu. Akautazama shingoni.

Kesho yake Jumbe akaja. "Pole, Mzee. Nataka mikuki mia kabla mwezi haujaandama. Safari hii tunawamaliza."

"Hata ile ya nne ulisema hivyo," akasema Namvua. Mumewe, Kaoneka, alikuwa ameshateuliwa kwenda.

"Binti, wanaume wanazungumza."

"Zungumzeni. Mimi mume nina mmoja tu."

Mzee Shekuwe akamwekea Jumbe ule mkuki mapajani. "Tazama shingoni."

Jumbe akaona mikato mitatu. "Wametuibia!"

"Watuibie nini? Tuliwaachia wenyewe. Tunamuua baba wa mtu, tunamwachia mwanawe chuma uani. Chao hapo ni mpini tu."

"Yaani unawatetea waliomuua mkeo?"

"Siwatetei. Nikimpata aliyemuua, sijui nitamfanya nini. Lakini mimi niliufua, Jumbe, na wewe ukaupeleka. Na hilo tuliseme."

Akachukua mtungi, akamwagia maji tanuri lake.

Jumbe alipiga ngoma hata hivyo. Watu wakakusanyika, mikuki hakuna. Wakabaki wamekaa, wamechoka, ndipo mmoja akauliza, "Hivi wale tuliowachomea nyumba mara ya kwanza, walikuwa ndio wenyewe?"

Mwishowe walipanda wanne tu, mikono mitupu, Mzee Shekuwe mbele na Kaoneka nyuma yake, kwenda kudai wauaji watolewe na kusikiliza lawama. Sisemi walipokewa vizuri. Walitukanwa, wakapigwa mawe. Lakini ajuza mmoja alitoka ndani kwake na kipande cha chuma kisicho na mti, chenye mikato mitatu shingoni. Akamtupia Mzee miguuni.

"Chukueni chenu," akasema. "Mwanangu yuko porini, anakitafutia mpini."

Ndiyo hivyo, wanangu. Mkuki ulioachwa kwa adui hurudi na mpini mpya.