Msitu Umefunga

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, enzi ambazo wanyama walikuwa na majiko yao na kuazimana chumvi, palikuwa na msitu wenye chemchemi katikati.

Msitu huo haukuwa wa mtu mmoja. Ulikuwa wa wote, na wote waliulinda kwa zamu. Kila kiangazi, miche ya mikuyu ilipokuwa bado midogo, walivuta kamba ya ukindu kwenye njia ya kuingilia. Hapo ilisemwa, "Msitu umefunga." Hakuna aliyeingia kula mpaka kuyu zianguke zenyewe. Bibi zao waliwafundisha hivi: mche ukiliwa, kivuli hupotea, kivuli kikipotea, chemchemi hukauka.

Siku moja zamu ilikuwa ya Mama Pimbi. Mnamjua pimbi, yule mdogo wa mawe, mwenye masharubu, asiye na mkia wa kujivunia. Mama Pimbi alikuwa na watoto wachanga ndani ya jabali, karibu na chemchemi. Mtoni ni mbali, wasingefika kwa miguu ile.

Mara ardhi ikalia, ndi, ndi, ndi. Akatokea Tembo, mgeni kutoka nyika ya mbali. Kwao nyikani hapakuwa na msitu wa kufungwa wala mlango wa kufungwa. Hakuiona hata kamba. Aliipita tu, ikakatika, kacha.

"Mjomba, simama kidogo," akasema Mama Pimbi.

Tembo akatazama kulia, akatazama kushoto, mwisho akatazama chini. "Nani ananiita mjomba?"

"Mimi, Pimbi."

"Ujomba wetu umetokea wapi, wewe ngumi yenye masharubu?"

"Tazama meno yangu." Akafunua mdomo. Yalikuwepo mawili, yamechomoza kama pembe ndogo.

Tembo akacheka mpaka masikio yakapiga, pwata, pwata. "Haya, mpwa wangu. Sasa nipishe nile."

Mama Pimbi akamweleza yote: miche, kivuli, chemchemi, watoto wake wasioweza kufika mtoni. Tembo alimsikiliza kidogo, kisha akampulizia vumbi jekundu, fuuu. Mama Pimbi akawa mwekundu kama tofali.

"Mpwa, mimi nina njaa, wewe una hadithi," akasema Tembo, akainua mguu juu ya miche.

Mama Pimbi akajifuta macho. "Vunja basi, mjomba. Lakini ujue msitu umefunga."

Mguu wa Tembo ukabaki hewani. "Umefunga?"

"Umefunga."

"Wote? Hata hii midogo?"

Hapo Mama Pimbi akatambua kwamba Tembo analijua neno hilo kwa maana moja tu, ile ya kushinda bila kula wala kunywa. Angeweza kumsahihisha. Akautazama ule mguu, akawafikiria wanawe.

"Hasa hii midogo," akasema.

Tembo akaurudisha mguu nyuma polepole, kama mtu aliyekanyaga mkeka wa wenyewe kwa viatu. "Astaghafiru. Nami nilitaka kumla mfungaji, mchana kweupe."

"Nilijua hukulelewa vibaya, mjomba."

"Kwetu mtu akifunga, jirani humfuturisha. Huu unafuturishwa na nani?"

"Hauna mtu," akajibu Mama Pimbi, akashusha pumzi. "Sisi midomo yetu unaiona. Maji tunayobeba hayalowanishi hata jani."

"Msitu unapenda kufuturu nini?"

"Maji ya mto tu. Hauna makuu."

Basi tangu siku hiyo Tembo alikwenda kula matete ng'ambo ya mto, na kila jua likizama alirudi na mkonga umejaa. Shwaa kwa huyu, shwaa kwa yule. "Taratibu, wanangu, msipaliwe," alisema. Siku moja akaangusha samadi katikati ya miche, akaona haya sana.

"Iache, mjomba," akasema Mama Pimbi. "Hiyo ndiyo tende yao."

Kiangazi kilikuwa kikali mwaka ule, lakini miche ilisimama, na chemchemi haikupungua. Watoto wa Pimbi walikunywa na kunenepa.

Ikawa siku moja Tembo anachota maji, akakutana na Nyati.

"Unapeleka wapi yote hayo, Bwana Masikio?"

"Naufuturisha msitu. Umefunga."

Nyati akacheka mpaka akaanguka matopeni, pwaa. "Umefunga njia, bwana, kama mlango unavyofungwa! Pimbi amekufanya mtungi wake. Na daku je, huupelekei?"

Tembo akautazama mkonga wake. "Huwa napeleka," akasema kwa sauti ndogo.

Akageuka, akaenda moja kwa moja hadi jabalini, Nyati nyuma yake akitafuta cha kucheka. Mama Pimbi aliusikia mtikisiko. Akawasukuma watoto ndani ya ufa, akatoka peke yake.

"Mpwa," akasema Tembo, "msitu ukifunga, hufunga nini?"

"Njia, mjomba."

"Si kula?"

"Si kula."

"Ulinidanganya."

"Neno nililosema lilikuwa la kweli. Lakini niliona umekosea nikakuacha. Hapo nilikudanganya."

"Kwa nini hukuniambia ukweli?"

"Nilikuambia. Ulinipulizia vumbi."

Nyati akaona wanachelewa. "Mnaongea nini? Hakuna mfungaji hapa. Ng'oa miche, tule." Akainamisha kichwa kwenye mche wa karibu, akaachama.

Mkonga ukamdaka pembe. "Huyo hapana."

"Lakini umeshaambiwa haujafunga kula!"

"Nimesikia. Ondoa mdomo. Kigugumizi ametoa jani jipya juzi tu."

"Kigugumizi ndiye nani?"

"Mche huo. Akitoa jani moja husita sana kabla ya kutoa jingine."

"Nani amempa jina?"

Tembo akatazama pembeni. "Mimi," akasema. Kisha akamsukuma Nyati kwa paji la uso mpaka nje ya njia, na Nyati, aliyezoea kusukuma wenzake, akaketi kwa makalio, pu.

Mama Pimbi alikuwa bado amesimama palepale, mbele ya ufa.

"Zamu ya leo ni ya nani?" Tembo akamuuliza.

"Yangu, mjomba."

"Umechoka. Nenda ukawanyweshe watoto. Hapa nitakaa mimi."

Wadogo zangu, ulichokinywesha kwa mkono wako huwezi kukiangusha kwa bega lako, basi cha wote na kitunzwe na wote.