Sultani Hilali Ajifunza Kihispania

Palikuwa na Sultani wa mji wa Mwanguo, jina lake Hilali, na huyo bwana hajawahi kukosea. Alikosea, jamani, sana tu! Lakini nani wa kumwambia? Amri yake ilikuwa fupi: atakayemwambia Sultani amekosea, akatwe ulimi. Siku moja alisema leo Jumatatu, kumbe Jumanne. Mji mzima ukairudia Jumatatu, watu wakaamkiana kama vile jana haikuwepo.

Basi ikaja habari kwamba balozi wa Hispania atafika alasiri. Sultani akasema, "Nitamwamkia kwa lugha yake. Nifundishwe kabla hajashuka. Na mgeni akinicheka, nitamkata ulimi aliyenifundisha."

Mkalimani wa jumba aliposikia, akaugua ghafla. Alikuja kupona akiwa kisiwa cha pili. Alichoacha ni kibao chenye maneno machache ya kuamkiana.

Hapo ndipo alipoletwa Bi Mize, muuza bajia. Ujanani alimpikia mfanyabiashara mmoja wa Kihispania, akaokota maneno jikoni mle. Ulimi wake ulijulikana sokoni kote. Wanunuzi walimlipa kwanza, wakabishana naye baadaye, kwa mbali.

Waziri Msabaha, ambaye aliwahi kutaniwa naye mbele za watu, akamnong'oneza mlangoni, "Leo ama utamwambia amekosea, au utamwacha akosee achekwe. Kote kuwili ulimi huo ni wangu."

Bi Mize akaingia, akapiga goti. Uso alikuwa ameupanga.

Sultani akashika kibao, akavuta pumzi. "HOLA!" H ikamtoka kifuani kama mtu anayepuliza jiko la kuni mbichi.

Waziri akainama mbele, akingoja.

"Sawasawa, Maulana," akasema Bi Mize. "H nzito, ya kisultani."

"Basi nimeshajua."

"Umejua. Tabu ni Wahispania wenyewe, Maulana. Hawajui kulitamka."

Sultani akashusha kibao. "Hawajui lugha yao?"

"H inawashinda. Wanaiandika vizuri, lakini kuitamka hawaitamki. Wanasema 'ola'."

"Herufi isiyosema kitu inakaa mbele kufanya nini?"

Bi Mize akamtupia jicho Waziri. "Hata barazani, Maulana, wapo wanaokaa mbele, wamevaa majoho, na hawasemi kitu."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikayumba. Waziri hakucheka.

"Sasa ukimwamkia kwa H yako hiyo," Bi Mize akaendelea, "mgeni ataona umemsuta kwamba hajui lugha ya mama yake. Atafedheheka nyumbani kwako."

"Kwa hiyo nikosee kama yeye?"

"Kwa ukarimu tu, Maulana. Kama mtu anavyopunguza mwendo akitembea na mtoto."

Sultani akapenda neno hilo. Akajaribu: "Ola."

"Lo! Umekosea vizuri ajabu!"

Waziri akaruka kitini. "Maulana, umesikia! Amesema umekosea!"

Askari mmoja akashika mpini wa jambia. Bi Mize akageuka polepole.

"Waziri, Maulana alitaka kukosea, au hakutaka?"

"Alitaka, lakini..."

"Na alichotaka kimekuwa, au hakikuwa?"

"Kimekuwa, lakini..."

"Sasa wewe unasema Sultani ametaka jambo, likawa kama alivyotaka, na hapo amekosea?"

"Mimi sikusema amekosea!" Waziri akapiga kelele.

"Wala mimi," akasema Bi Mize.

"Keti, Msabaha," akasema Sultani. "Tuendelee. Senor."

"Barabara, ndiyo 'bwana' yao. Ila hiyo N wameivisha kilemba juu, basi inajiona. Inajiita 'ny', kama ny ya nyanya."

"Senyor. Wajinga hawa! Na jina la balozi? Julian."

"Hasa. Ila J wanaikwarua kooni, kama kh ya kheri."

"Khulian. Masikini. Haya, na mwisho: buenas noches!"

Hiyo ni salamu ya usiku, na alasiri ilikuwa haijafika. Bi Mize akatazama dirishani, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Wewe umesema sawa, Maulana. Jua ndilo lililochelewa kuzama. Lakini mgeni atakuja lingali juu. Kwa ajili ya jua tu, tuseme 'buenas tardes'."

"Buenas tardes," akasema Sultani. "Nalisamehe."

Alasiri balozi akaingia na watu wake. Sultani akasimama, akafungua mikono. "Ola, senyor Khulian! Buenas tardes!"

Balozi akashika kifua. Machozi yakamlengalenga. Kwa kinywa cha mkalimani wake akasema kwamba katika nchi zote alizopita, hajapata kuamkiwa vizuri hivyo. Waziri akawa mdogo ndani ya joho lake. Bi Mize, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti cha Sultani, akapumua.

Lakini balozi naye hakutaka kupitwa na adabu. Safari nzima alikuwa akijifunza Kiswahili. Akakohoa, akajinyoosha, akasema kwa sauti ya kujiamini:

"Ukhambo, Sultani Ilali! Abari za alasiri?"

Baraza zima likabana pumzi. Askari wakatazama dari. Waziri akauma ncha ya kilemba chake asicheke.

Sultani akageuka nyuma kwa Bi Mize, akanong'ona kwa uchungu, "Jina langu! Amelikata kichwa! Mtu mkubwa kama huyu, safari nzima hiyo, na mwalimu wake asimwambie hata mara moja kwamba anakosea?"

Bi Mize akamjibu, "Labda, Maulana, mwalimu wake naye ana ulimi mmoja tu."